Kabla ya kununua hisa, ulizia kufuli la kabati la dawa

WENYE hisa ni watu wa kuulizia faida. Wanauliza gawio la mwaka jana lilikuwa kiasi gani, wanauliza mauzo yamepanda kwa asilimia ngapi, na wale waliokwisha kuungua mara moja wanauliza na madeni. Tangu nianze kuandikia ukurasa huu sijamsikia hata mmoja akiuliza kama bidhaa ya kampuni anayotaka kuinunua ina kufuli linalofunga. Kwa kampuni ya bia au ya saruji swali hilo halina maana. Kwa kampuni zinazouza mitambo ya kompyuta ya kugawa dawa hospitalini, mimi nadhani hilo ndilo swali la kwanza.

Wapo wasomaji wetu, hasa wenye ndugu ughaibuni, ambao siku hizi wana hisa mbili tatu katika soko la New York au la Nasdaq. Wengi wao wanapenda kundi la afya kwa hoja kwamba watu hawaachi kuugua hata uchumi ukiyumba. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini ndani ya kundi hilo kuna hatari ambayo bei ya hisa haiionyeshi, na mwekezaji mdogo ndiye wa mwisho kuambiwa.

Nianze na mtambo wenyewe, maana wengi wetu hatujauona. Katika hospitali kubwa za Marekani kabati la dawa la wodini si tena lile la mbao lenye ufunguo mmoja unaokaa mfukoni mwa sista mkuu. Ni sanduku la chuma lenye droo nyingi na kioo cha kompyuta juu yake. Daktari anaandika dawa kwenye kompyuta. Mfamasia, ambaye huenda yuko ghorofa nyingine, anaikagua na kuikubali. Muuguzi anafika kwenye kabati, anaweka kidole au namba yake ya siri, anachagua jina la mgonjwa, na droo yenye dawa ile inafunguka. Papo hapo kompyuta inapunguza hesabu ya stoo, inaandika bili, na dawa ikikaribia kwisha inaagiza nyingine.

Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo ataona mara moja uzuri wake. Ni duka ambalo daftari linajiandika lenyewe, na msaidizi hawezi kutia vidonge mfukoni bila jina lake kubaki kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana makabati haya yameuzika sana. Majina mawili yanayotajwa zaidi ni Pyxis, ambayo ni mali ya Becton Dickinson ya soko la New York, na Omnicell, iliyoorodheshwa Nasdaq. Pembeni ya kitanda yupo ndugu yake kabati, yaani pampu inayotiririsha dawa mshipani kidogo kidogo, nayo siku hizi imeunganishwa na mtandao wa hospitali ili ipokee viwango vya dawa kutoka kompyuta kuu.

Siandiki makala haya kuikataa kompyuta. Aliyewahi kupewa dawa isiyo yake kwa sababu mwandiko wa daktari haukusomeka anajua faida ya mtambo huu. Ninachosema ni kwamba hatari yake ina mtu wa kuilipia, na mtu huyo kwa kawaida siye aliyepata faida ya kuuuza.

Mfano wa kwanza haukuhitaji hata mdukuzi. Charles Cullen alikuwa muuguzi aliyefanya kazi katika hospitali za majimbo ya New Jersey na Pennsylvania kwa takriban miaka 16. Alikamatwa Desemba 2003, na baadaye alikiri mahakamani kuua wagonjwa 29. Hospitali yake ya mwisho, Somerset Medical Center, ilikuwa na makabati ya Pyxis. Ilibainika kwamba alikuwa akiagiza dawa kwenye kioo kisha anaifuta oda. Droo ilifunguka hata hivyo, na kumbukumbu ikabaki ikionyesha oda iliyofutwa, kana kwamba hakuna kilichotoka. Kumbukumbu hizo hizo, zilipokuja kusomwa kwa makini na wapelelezi, zilisaidia kumtia hatiani.

Nimeutaja mkasa huo mapema kwa sababu wauzaji wa mitambo wanapozungumzia usalama hupenda kuonyesha adui aliye mbali, kijana wa nchi ya kigeni mwenye kompyuta gizani. Mwenye duka anajua kwamba anayekuibia mara nyingi anakusalimia asubuhi. Kabati lilikuwa limeandika kila kitu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeajiriwa kukaa chini na kusoma kilichoandikwa.

Mwaka 2016 likaja jambo la pili, na hili linatuhusu zaidi sisi watu wa hesabu. Watafiti wawili wa usalama wa kompyuta walilipata kabati kuukuu la aina ya Pyxis SupplyStation kupitia muuzaji wa vifaa vilivyokwisha kutolewa kazini. Kabati la aina hiyo ni la kutunza vifaa vya tiba, si lile la dawa zenyewe, ila ni la ukoo mmoja. Walipoichunguza programu yake, toleo la 8.1.3, walikuta dosari 1,418 zinazojulikana. Kati ya hizo, 715 zilipewa daraja la juu la ukali. Serikali ya Marekani ilitoa tahadhari rasmi Machi mwaka huo. Sehemu kubwa ya dosari hazikutokana na kazi ya mtengenezaji wa kabati bali na programu za watu wengine zilizowekwa ndani yake, mojawapo ikiwa Windows XP. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba matoleo yale ya zamani yamefikia mwisho wa maisha yake, hivyo mwenye nalo anunue jipya, au alitenge na mtandao.

Sasa fuata historia ya umiliki. Pyxis ilianza ikiwa kampuni inayojitegemea. Cardinal Health ikainunua mwaka 1996. Mwaka 2009 Cardinal ikaitenga pamoja na shughuli nyingine na kuunda CareFusion. Machi 2015 Becton Dickinson ikaimeza CareFusion kwa takriban dola bilioni 12. Kila mkono ulipobadilika, mabenki yalichukua ada yao, mawakili wakachukua yao, na wenye hisa wakaambiwa kuhusu akiba itakayopatikana kwa kuunganisha ofisi. Tahadhari ya serikali ilitoka mwaka mmoja baada ya mauzo ya mwisho. Mimi binafsi sikumbuki kusoma uchambuzi wowote wa madalali wa wakati ule uliojaribu kukadiria makabati kuukuu yaliyokuwa bado wodini yangegharimu kiasi gani kuyafanya salama, na ni nani angelipa.

Hapa ndipo mafunzo yetu ya biashara yanapotupungukia. Chuoni tulifundishwa uchakavu wa mali: mashine inanunuliwa, bei yake inagawanywa kwa miaka ya matumizi, kila mwaka unakata fungu lake. Chukulia hospitali iliyonunua kabati mwaka 2008 na kuamua kulikata kwa miaka 10. Katika vitabu vyake lilikuwa bado na thamani hadi 2018. Lakini Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Kwa miaka minne vitabu vingeonyesha mali yenye thamani, ilhali kufuli la mali hiyo limekwisha kufa. Chuma hakichakai haraka, na droo zinafunguka vizuri tu, kwa hiyo mhasibu haoni sababu ya kubadilisha hesabu yake. Hospitali nayo inaona mashine inayofanya kazi, na mkurugenzi anauliza kwa nini atumie fedha kununua nyingine. Hakuna hata mmoja aliyefanya ujinga hapo, na bado kabati liko wazi.

Pampu zilikuwa na kisa chao kabla ya hapo. Tarehe 31 Julai 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilizishauri hospitali kwa mkazo ziache kutumia pampu aina ya Symbiq iliyotengenezwa na Hospira, kwa sababu mtu aliyeingia kwenye mtandao wa hospitali angeweza kuifikia akiwa mbali na kubadilisha kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mamlaka hiyo kushauri kifaa kiachwe kwa sababu ya usalama wa kompyuta. Haki itendeke: hapakuwa na taarifa ya mgonjwa aliyedhuriwa, na Hospira ilikuwa imekwisha kuacha kuitengeneza pampu hiyo kwa sababu nyingine.

Kilichotokea sokoni? Karibu hakuna. Pfizer ilikuwa imetangaza Februari mwaka huo kwamba inainunua Hospira kwa dola 90 kwa hisa, jumla ya takriban dola bilioni 17, na Septemba ilikamilisha ununuzi huo kwa bei ile ile. Aliyekuwa na hisa za Hospira alipokea dola zake 90 kwa kila moja, kufuli liwe zima au bovu. Miaka miwili haikutimia Pfizer ikaiuza biashara ya pampu kwa kampuni nyingine, ICU Medical.

Mara moja tu, kwa kumbukumbu zangu, soko lilijaribu kukitia bei kitu hiki, na namna lilivyofanya ilizua ugomvi ambao haujaisha. Kifaa chenyewe hakikuwa cha dawa bali cha kuurekebisha mapigo ya moyo, lakini somo ni lile lile. Agosti 25, 2016 kampuni ya Muddy Waters ilichapisha ripoti ikidai kwamba vifaa vya moyo vya St. Jude Medical vina udhaifu unaoweza kutumiwa na wadukuzi. Muddy Waters ni watu wanaopata fedha hisa zinaposhuka. Wanaazima hisa kwa dalali, wanaziuza leo kwa bei ya juu, kisha wanangoja bei ianguke wazinunue tena na kuzirudisha, na tofauti inabaki mfukoni. Utafiti ulikuwa umefanywa na kampuni ndogo ya MedSec. Badala ya kumpelekea mtengenezaji dosari ilizoziona ili azirekebishe kimya kimya, ilimpelekea mcheza hisa, kwa makubaliano ya kugawana faida.

Hisa za St. Jude zilianguka karibu asilimia 5 siku ile. Kampuni ilikana na kwenda mahakamani. Wataalamu wengi wa tiba walikasirika kwamba wagonjwa wametiwa hofu ili mtu apate fedha, na hasira yao naielewa. Lakini tazama kalenda. Abbott, iliyokuwa imekubali kuinunua St. Jude kwa dola bilioni 25, ilikamilisha ununuzi tarehe 4 Januari 2017. Siku tano baadaye, tarehe 9, FDA ilithibitisha kwamba udhaifu ulikuwapo kweli katika kifaa cha nyumbani kinachowasiliana na mashine ya moyo. Agosti mwaka huo wagonjwa wapatao 465,000 nchini Marekani walitakiwa kwenda kwa madaktari wao ili programu za vifaa vyao zirekebishwe.

Sipendi kuwatetea wauzaji wa hisa za kuazima. Bado nalazimika kusema kwamba kati ya wote waliokuwa mezani, yaani kampuni yenyewe, mnunuzi, mabenki na wachambuzi, ni hao wenye tamaa tu walioweka dosari ile mbele ya mwenye hisa kabla mauzo hayajakamilika.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha mwaka 2024, na kinastahili kuelezwa polepole.

Change Healthcare ni kampuni ambayo mgonjwa wa Marekani huenda asijue jina lake maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati. Mfamasia anapoandika dawa ya mgonjwa kwenye kompyuta, lazima ajue bima italipa kiasi gani na mgonjwa atoe kiasi gani. Swali hilo husafiri kupitia dirisha la mtu wa kati na jibu hurudi kwa sekunde chache. Change ilikuwa ikipitisha miamala bilioni 15 kwa mwaka, na ilielezwa kwamba inagusa kumbukumbu za mgonjwa mmoja kati ya kila watatu nchini humo. UnitedHealth, kampuni kubwa ya bima, ilitaka kuinunua. Wizara ya Sheria ya Marekani ilishitaki mwaka 2022 kuzuia ununuzi huo kwa hoja za ushindani, ikashindwa, na mauzo yalikamilika Oktoba 2022 kwa takriban dola bilioni 13 pamoja na madeni.

Tarehe 12 Februari 2024 wadukuzi waliingia. Hawakuvunja ukuta. Walikuwa na jina na neno la siri la mtu, waliloliiba, na mlango waliopitia haukuwa na ulinzi wa pili, ule wa kutumiwa tarakimu kwenye simu kabla ya kuruhusiwa. Ulinzi huo ni ule ule ambao benki yako hapa mjini inakulazimisha uutumie kutuma laki moja. Kwa siku tisa walitembea ndani. Tarehe 21 wakafunga kila kitu na kudai kikomboleo.

Asubuhi ile kaunta za maduka ya dawa nchi nzima zilisimama. Dawa ilikuwa rafuni, mfamasia alikuwapo, mgonjwa alikuwapo na bima yake, ila hakuna aliyejua nani alipe nini. Maduka ya dawa ya jeshi la Marekani yaliathirika hadi yale yaliyo nje ya nchi. Waliokuwa na fedha walilipa bei kamili kutoka mfukoni na kuambiwa watarudishiwa. Wasiokuwa nazo waliondoka. Hospitali na zahanati ziliendelea kutibu bila kulipwa. Chama cha hospitali cha nchi hiyo kiliuliza hospitali karibu 1,000 mwezi uliofuata: asilimia 94 zilisema zimeathirika kifedha na asilimia 74 zilisema huduma yenyewe kwa wagonjwa imeguswa.

UnitedHealth ililipa kikomboleo cha dola milioni 22 kwa bitcoin. Mkurugenzi wake mkuu wa wakati huo, Andrew Witty, alilithibitishia hilo Baraza la Seneti Mei 1, 2024, na alikiri kuhusu ule mlango usio na ulinzi wa pili. Kilichofuata kingechekesha kama kisingekuwa cha kusikitisha. Kundi lililopokea fedha liliwatoroka washirika wake lenyewe, na kundi jingine likajitokeza likidai kwamba taarifa za wagonjwa bado ziko mikononi mwake na linataka kulipwa upya. Anayefanya biashara na mwizi asishangae akikosa risiti. Hatimaye kampuni ilikadiria kwamba walioguswa na wizi wa taarifa ni watu wapatao milioni 190, zaidi ya nusu ya raia wa nchi hiyo.

Sasa tufanye hesabu ya mwenye hisa. UnitedHealth ilisema shambulio liliigharimu takriban dola bilioni 3.1 mwaka 2024. Mapato yake ya mwaka huo yalikuwa dola bilioni 400. Gharama ni chini ya senti moja katika kila dola iliyoingia. Mchambuzi aliyeketi New York angeweza kuiandika kwa sentensi moja na kuendelea na habari nyingine, na wapo waliofanya hivyo. Gawio liliendelea kulipwa.

Hesabu ya upande wa pili haikuandikwa mahali pamoja, ndiyo maana haionekani. Zahanati ya daktari mmoja haina dola bilioni 400 za kujificha nyuma yake. Ina mshahara wa wauguzi wa Ijumaa, kodi ya jengo na muuzaji wa dawa anayetaka chake. UnitedHealth ilitoa mikopo isiyo na riba, zaidi ya dola bilioni 9 kwa jumla, kwa watoa huduma waliokwama. Mikopo, narudia. Mtu ambaye kufuli lako limemfungia nje fedha zake halali alipewa deni. Kwa lugha ya sokoni, mwenye mzani mbovu alimkopesha mkulima thamani ya pamba ambayo mzani ulishindwa kuipima, na mkulima akatakiwa aseme ahsante.

Mwezi Mei mwaka huo huo ilikuwa zamu ya Ascension, shirika la Kikatoliki lenye hospitali zipatazo 140. Mfanyakazi mmoja alipakua faili akidhani ni la kawaida. Kompyuta za kuagizia dawa na kumbukumbu za wagonjwa zikazimwa, na wauguzi wakarudi kwenye karatasi. Ilichukua hadi katikati ya Juni mfumo kurejea kote. Muuguzi wa watoto wachanga wa mji wa Wichita, jimbo la Kansas, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba nusura ampe mtoto kipimo kisicho sahihi cha dawa kali ya maumivu, kwa jinsi karatasi zilivyokuwa zikichanganya. Watu wa kizazi chetu tunadhani kurudi kwenye karatasi ni rahisi, kwa kuwa wazazi wetu walitumia karatasi. Tunasahau kwamba wao walikuwa na utaratibu wake: nani anakagua nini, nani anatia saini wapi. Kijana aliyefundishwa kutegemea kioo kimkemee anapokosea hana utaratibu huo, na hakuna anayeujenga kwa usiku mmoja.

Nimeulizwa na rafiki yangu mmoja, naye ni mtu wa benki, kama basi namshauri mwekezaji mdogo akimbie hisa hizi. Hapana. Namshauri asome kurasa ambazo hazisomwi. Tangu Desemba 2023 kampuni zilizoorodheshwa katika masoko ya Marekani zinatakiwa kutangaza shambulio zito la kompyuta ndani ya siku nne za kazi tangu ziamue kwamba ni zito, na katika taarifa ya mwaka, ile Fomu 10-K, kuna kipengele namba 1C ambamo lazima zieleze zinasimamiaje hatari hiyo na nani katika bodi anahusika. Ni kurasa mbili au tatu tu. Linganisha kipengele hicho cha mwaka huu na cha mwaka jana. Kama maneno ni yale yale neno kwa neno, wakati kampuni imenunua kampuni nyingine mbili katikati, ujue kimeandikwa na wakili tu, fundi hakuulizwa.

Kisha tazama bidhaa. Sheria iliyopitishwa Marekani mwishoni mwa 2022 inamtaka mtengenezaji wa kifaa kipya cha tiba chenye kompyuta aionyeshe FDA atakavyokitunza dhidi ya dosari, na aorodheshe programu zote zilizomo ndani yake. Ni hatua nzuri, ila inahusu vinavyoombewa kibali sasa. Vilivyokwisha kuuzwa viko wodini. Kampuni inayosema wazi ni mingapi kati ya mitambo yake ya zamani bado inatumika, na inatoza kiasi gani kuibadilisha, inastahili bei nzuri kuliko ile inayotaja mauzo mapya tu. Na kampuni inayopata faida yake kubwa kwa kuwa dirisha la pekee ambalo wengine wote wanapitia, hiyo nadhani inauzwa ghali. Soko linauita upekee huo nguvu. Februari 2024 ulikuwa upande wa pili wa nguvu hiyo.

Msomaji asije akadhani hizi ni habari za ng'ambo tu. Oktoba 1, 2024 Kenya ilianza kutumia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo madai ya hospitali yanapita katika mfumo mmoja wa kompyuta. Mkataba wake umetajwa kuwa wa shilingi za nchi hiyo bilioni 104.8, na umo mikononi mwa ushirika wa kampuni tatu ambamo Safaricom ni mmoja. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kenya amekwisha kuhoji mfumo huo ni mali ya nani. Safaricom ni hisa ya wadogo katika soko la Nairobi, na wapo hata wa upande wetu wa mpaka wanaozifuatilia. Sisemi kwamba kuna tatizo la ulinzi katika mfumo huo. Nasema kwamba ni dirisha moja, na mwenye hisa ana haki ya kuuliza siku dirisha likifungwa hospitali ya wilayani italipwa kwa njia gani, na hasara itaandikwa katika kitabu cha nani.

Hata huku chini kwetu kompyuta imeshafika kaunta. Wiki mbili zilizopita nilikuwa katika duka moja la dawa jijini Dar es Salaam, ambalo sitalitaja. Mwenyewe ni mzee wa makamo, mfanyabiashara makini, na alikuwa akinionyesha kwa fahari programu yake mpya: inamwambia dawa zipi zinakaribia kuisha muda, nani kakopa, mgonjwa gani wa sukari hajarudi kuchukua dawa mwezi huu. Tangu Mei 2023 tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi inayomtaka mtu kama yeye azitunze taarifa hizo kwa usalama. Namba ya siri ya kompyuta ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa kwa gundi chini ya kioo.

Nilimuuliza, mzee, namba hii nani anaijua? Akahesabu kwa vidole: yeye mwenyewe, mkewe, vijana wawili wa dukani, fundi aliyeiweka programu, na kijana aliyeacha kazi mwezi wa Ramadhani. Nikamwomba aibadilishe wakati ule ule, nikiwa bado nimesimama pale. Akaniambia anayejua inavyobadilishwa ni fundi peke yake. Tukampigia. Simu yake ilikuwa haipatikani.